Albamu ya Mtu Aliyefungashiwa Virago

Bendi za vijana huanza kwa kiapo cha kutoachana, na nyingi kati yake huachana kabla hazijamaliza miaka mitatu. Hilo si la aibu. La kutazamwa kwa makini ni mwenendo wa yule aliyetolewa, miezi na miaka inayofuata, maana hapo ndipo kipaji huokoka au huliwa. Nimechagua kusimulia habari za Dave Mustaine, mpiga gitaa wa California, na albamu ya kwanza aliyoitoa na bendi yake ya Megadeth tarehe 12 Juni 1985. Naisimulia kwa mapenzi, kwa kuwa ndani ya albamu hiyo mna muziki wa mtu mwenye kipaji cha kweli. Naisimulia pia kwa uchungu, kwa kuwa sehemu kubwa ya kipaji hicho ilizamishwa na mambo mawili ambayo kijana yeyote angeweza kuyaepuka: uraibu na kisasi.

Tuanzie New York, asubuhi ya 11 Aprili 1983. Katika jengo moja la mazoezi ya bendi huko Jamaica, Queens, vijana wanne wa kundi liitwalo Metallica walikuwa wamelala sakafuni. Siku chache kabla walikuwa wamevuka Marekani nzima kwa lori la kukodi, kutoka San Francisco, kwa sababu mwenye duka la santuri wa New Jersey, Jon Zazula, alikuwa amesikia kanda yao ya majaribio na kuwaahidi kuwatolea albamu. Mustaine alikuwa na miaka 21. Alipofumbua macho aliwakuta wenzake watatu wamemsimamia. Wakamwambia hayumo tena kwenye bendi. Vyombo vyake vilishafungwa, tiketi ya basi ilishakatwa, na basi lenyewe lilibakiza kama saa moja kuondoka. Akauliza kama hapati hata onyo, hata nafasi nyingine. Hakupata. James Hetfield, mwimbaji wa kundi, akampeleka kituoni kwa lori lilelile.

Mtu akiisikia habari hii kwa upande mmoja tu, atamwonea huruma Mustaine na kuwalaani wenzake. Naomba asifanye haraka.

Metallica ilianzishwa Los Angeles mwaka 1981 na Hetfield pamoja na Lars Ulrich, mpiga dramu aliyetoka Denmark. Mustaine alijiunga nao akiwa mpiga gitaa hodari kuliko wote waliowajaribu, na hakuja mikono mitupu: alikuja na nyimbo. Muziki waliokuwa wakiupika ulikuja kuitwa thrash metal, mtindo uliochukua uzito wa bendi za Uingereza kama Motörhead na Diamond Head ukauendesha kwa kasi ya punki. Kasi hiyo inadai mkono wa kulia usiochoka, unaokwangua nyuzi kuelekea chini mfululizo huku kiganja kikizibana ili zitoe mlio mkavu, mzito. Mustaine alikuwa na mkono huo. Alikuwa pia na ulimi mwepesi jukwaani. Siku za mwanzo yeye ndiye aliyezungumza na mashabiki kati ya wimbo na wimbo, kwa kuwa Hetfield alikuwa mwenye haya.

Lakini alikuwa mlevi, na ulevi wake ulikuwa wa shari. Hapa lazima tuseme haki. Wote wanne walikunywa, tena sana, hata baadaye wakabatizwa jina la utani la Alcoholica. Tofauti yao ameieleza Mustaine mwenyewe: wenzake wakilewa walicheka na kufanya upuuzi, yeye akilewa alitafuta mtu wa kupigana naye. Siku moja alikuja na mbwa wake, mbwa akapanda juu ya gari la Ron McGovney, mpiga besi wao wa wakati huo. Hetfield akampiga mbwa teke. Mustaine akamtandika Hetfield ngumi ya uso. Wakamfukuza palepale, na kesho yake akarudi kuomba radhi, wakamrudisha. Siku nyingine alimimina bia kwenye gitaa la besi la McGovney, juu ya vinasa sauti vyake. McGovney akaondoka kwenye kundi mwishoni mwa 1982, amechoka.

Kwa hiyo onyo lilikuwapo. Kufukuzwa kwa siku moja ni onyo kubwa kuliko barua yoyote. Ila lilikuwa onyo lisilotaja kitu kwa jina lake. Hakuna aliyemkalisha chini akamwambia kwamba pombe inamwangusha na inaiangusha bendi pamoja naye, na kwamba akitafuta msaada watasimama naye. Walisubiri hadi walipokuwa kilomita zaidi ya 4,000 kutoka kwao, mbele ya studio. Na kabla hawajamwambia neno, walishampigia simu Kirk Hammett wa bendi ya Exodus aje kuchukua nafasi yake. Hammett alipopokea simu hiyo ilikuwa 1 Aprili, akadhani ni mzaha wa siku ya wajinga. Yaani kwa siku kumi hivi mtu alipiga mazoezi, akala na kulala na watu ambao walishamtafutia mbadala. Nadhani waliamua sawa kumtoa. Namna waliyomtoa, hapana. Ilikuwa mbovu, na madhara yake yaliishi miongo mingi.

Safari ya basi kutoka New York hadi Los Angeles ilichukua kama siku nne. Mustaine hakuwa na hela ya kula, na kichwa kilikuwa kikimgonga kwa pombe ya usiku uliopita. Mahali fulani njiani alipata kipeperushi cha seneta wa California, Alan Cranston, kilichohusu silaha za nyuklia, akaanza kuandika mashairi nyuma yake. Katika maandishi ya kipeperushi hicho ndimo lilimotoka jina la bendi aliyokuja kuiunda, na mashairi yaliyoanzia hapo yakawa wimbo “Set the World Afire”, uliotoka mwaka 1988. Kama habari ingeishia hapo, ingekuwa ya kutia moyo: kijana ametupwa njiani, ameokota karatasi, ametunga.

Ila ndani ya basi lile alifanya na jambo jingine. Alijiapiza kuunda kundi litakaloipiku Metallica kwa kasi na kwa uzito. Kiapo hicho ndicho kiini cha funzo hili.

Mtu anayetunga ili awaonyeshe fulani na fulani amekwisha kuwakabidhi hao fulani rula ya kupimia kazi yake. Wao wakipiga hatua, yeye anajiona amerudi nyuma, hata kama amesimama palepale pazuri. Na hao Metallica walipiga hatua upesi. Mwezi Mei waliingia studio mjini Rochester, na 25 Julai 1983 albamu yao ya kwanza, Kill 'Em All, ikatoka. Katika nyimbo kumi, nne zina jina la Mustaine miongoni mwa watunzi: “The Four Horsemen”, “Jump in the Fire”, “Phantom Lord” na “Metal Militia”. Alikuwa amewaomba wasitumie kazi zake. Walizitumia, wakamwandika. Hata solo za gitaa alizopiga Hammett zilianza mara kadhaa kwa vipande vya mwanzo vya Mustaine. Kila aliposikia watu wakiisifu albamu ile, alisikia mikono yake mwenyewe ikipigwa na mtu mwingine. Ni maumivu ambayo siwezi kuyadharau.

Los Angeles alikutana na David Ellefson, kijana wa miaka 18 aliyekuwa ametoka shambani kwao Minnesota kuja mjini kutafuta maisha ya muziki. Ellefson aliishi chumba cha chini yake, na asubuhi moja alikuwa akirudiarudia besi ya wimbo wa Van Halen kwa sauti ya juu. Mustaine, mwenye kichwa kizito, alipiga kelele anyamaze, kisha akarusha chungu cha maua kikaangukia mashine ya kupozea hewa ya dirishani. Baadaye vijana wa chini walipanda kugonga mlango, wakanunuliana bia, na bendi ikazaliwa. Ellefson amesimulia kwamba kabla ya hapo nyimbo za Megadeth zilikuwa za mwendo wa wastani. Ikaja barua ya shabiki aliyetumaini kwamba nyimbo mpya za Mustaine zitakuwa na kasi kuliko za Metallica. Siku iliyofuata mazoezini, kila wimbo uliongezwa mwendo.

Itazameni barua hiyo, wadogo zangu mnaopiga muziki. Mtu mmoja asiyewajua, hajui nyimbo zilivyo, ameandika tumaini moja, na kazi nzima ikabadilishwa mwendo. Haikuulizwa nyimbo zenyewe zinataka nini. Ziliongezwa kasi kwa sababu ya kundi jingine lisilokuwa hata likiwawaza.

Kwa bahati alipata watu wa ajabu. Kwa miezi walitafuta mwimbaji, wakakosa wa kufaa, mwishowe Mustaine akaimba mwenyewe kwa ile sauti yake ya kukoroma na kukejeli, ambayo leo huwezi kuitenganisha na bendi. Kerry King wa Slayer aliwasaidia gitaa katika maonyesho machache ya mwaka 1984, kisha akarudi kwao. Wakaja Gar Samuelson kwenye dramu na Chris Poland kwenye gitaa, wawili waliotoka kwenye muziki wa jazi. Huyu Samuelson ndiye aliyeipa Megadeth kitu ambacho Metallica haikuwa nacho. Sikiliza anavyokwenda: hapondi dramu kama mtu anayevunja mlango, bali anateleza, anachelewesha pigo kidogo, anajaza mapengo kwa vijiti vyepesi kwenye matoazi. Chini ya gitaa zenye hasira kuna mtu anayecheza. Mustaine alikuwa na hazina hapo, na haikuhitaji kushindana na yeyote.

Mwishoni mwa 1984 lebo ndogo ya Combat Records ikawapa mkataba na dola 8,000 za kurekodi albamu. Hazikutosha, wakaongezewa 4,000. Wanaopenda kuwatetea husema pesa ilikuwa kiduchu. Ilikuwa kiduchu kweli, lakini Kill 'Em All hutajwa kugharimu dola 15,000 hivi, na haisikiki kama kazi ya masikini. Kilichoiua Megadeth studio ni mahali pesa ilipokwenda. Sehemu kubwa ilinunua dawa za kulevya, pombe na chakula. Samuelson na Poland walikuwa wakitumia unga, na Mustaine naye akaingia humo. Pesa ilipokauka, prodyuza aliyekuwa ameajiriwa aliondolewa, na bendi ikamalizia kazi yenyewe pamoja na fundi mitambo Karat Faye.

Anayejua studio ataona mara moja hapo pana balaa gani. Kurekodi huenda kwa ngazi. Kwanza dramu na besi, kisha gitaa za msingi, kisha solo, kisha sauti ya mwimbaji. Mwisho kabisa ndipo fundi hukaa na vipande vyote kuvichanganya, kimoja kipande, kingine kishuke, dramu zipate kifua, sauti ipate nafasi ya kupumua. Ngazi hiyo ya mwisho ndiyo msikilizaji anayoisikia kwanza. Na kwa kuwa ni ya mwisho, ndiyo inayoliwa kwanza pesa ikitafunwa. Watu wakiwa na arosto hawana subira ya kukaa siku nzima wakisikiliza toazi moja.

Matokeo yake ni albamu ya nyimbo nane, dakika 31 tu, iitwayo Killing Is My Business... and Business Is Good!. Inafunguliwa kwa kinanda, Mustaine akipiga kipande cha Bach, Tokata na Fuga katika D ndogo, kisha gitaa zinaingia kama mvua ya mawe. Ni mwanzo wa mtu mwenye fikra. Lakini sauti ya mwimbaji imezama nyuma, dramu za Samuelson zimekonda, na gitaa zina mchanga. Unalazimika kuinama kuusikia muziki uliomo. Hata jalada liliharibika. Mustaine alikuwa amechora mwenyewe fuvu la nembo ya bendi, aliyempa jina Vic Rattlehead. Mchoro ukapotelea mikononi mwa lebo, nayo ikabandika picha ya fuvu la plastiki la bei rahisi. Alikasirika, na hapo alikuwa na haki. Ila bendi iliyokula bajeti yake yenyewe haina sauti kubwa ya kudai jalada.

Wimbo wa mwisho kwenye albamu unaitwa “Mechanix”, na hapo ndipo kisasi kinasikika waziwazi. Mustaine alikuwa nao tangu kabla ya Metallica. Metallica waliuchukua, wakaupunguza mwendo, wakauongezea sehemu ya katikati tulivu, wakabadilisha mashairi kutoka habari za uchu kwenye kituo cha mafuta hadi wapanda farasi wanne wa kitabu cha Ufunuo, nao ukawa “The Four Horsemen” wenye zaidi ya dakika 7. Mustaine akaurudishia mashairi yake ya zamani na kuukimbiza hadi ukaishia dakika 4 na ushei. Nimezisikiliza mbili hizo mara nyingi, moja baada ya nyingine, nikiwa upande wa Mustaine. Hukumu yangu haibadiliki: kwa kasi ameshinda, kwa wimbo ameshindwa. Ule mwendo uliopunguzwa ulizipa gitaa nafasi ya kutembea, na sehemu ya katikati ikampa msikilizaji mahali pa kuvuta pumzi. “Mechanix” ni wimbo unaokimbia huku umegeuza shingo kutazama nyuma. Wakati huohuo, kwenye albamu hiyohiyo, “The Skull Beneath the Skin” na “Looking Down the Cross” zimejaa mageuzi ya mapigo ambayo Metallica ya 1983 isingeyaweza. Alipoacha kujilinganisha, hata kwa dakika tano, alikuwa mbele.

Kuna kosa jingine humo, dogo kwa siku zile, ghali baadaye. Waliweka wimbo wa Lee Hazlewood, “These Boots Are Made for Walkin'”, ule uliompa umaarufu Nancy Sinatra, na Mustaine akayageuza mashairi yake kuwa ya matusi. Miaka ya 1990 Hazlewood alipinga. Wimbo ukaondolewa kwenye matoleo yaliyofuata, na ulipokuja kurudi mwaka 2002, maneno yaliyobadilishwa yalizibwa kwa mlio. Mtu aliyelalamika kwa uchungu kwamba nyimbo zake zilitumiwa na wengine bila ridhaa yake alikuwa ameugusa wimbo wa mwingine vilevile. Simsemi kwa kumsuta. Maumivu yetu hayatufundishi wenyewe jinsi ya kutowaumiza wengine. Lazima tujifunze kwa makusudi.

Ushahidi zaidi ulikuja baadaye. Albamu ya pili, Peace Sells... but Who's Buying?, ilitoka 1986 ikiwa imenunuliwa na kampuni kubwa ya Capitol, na ilikuwa nzuri mno. Mwaka uliofuata Samuelson na Poland wakatolewa kwa sababu ya unga. Wakaja wengine, wakatolewa, wakaja wengine. Nick Menza, mpiga dramu wa miaka bora ya bendi, alifanyiwa upasuaji wa goti mwaka 1998 kutolewa uvimbe. Alieleza kwamba siku mbili baadaye, akiwa bado hospitalini, alipokea simu ya Mustaine ikimjulisha kuwa hahitajiki tena. Yule aliyeamshwa New York na kupewa tiketi sasa ndiye aliyekuwa akipiga simu. Ellefson naye, rafiki wa tangu siku ya chungu cha maua, alifika hadi kumshtaki mahakamani mwaka 2004, akarudi 2010, akaondolewa tena 2021.

Usidhani Mustaine alishindwa maisha. Hapo ndipo watu wengi hukosea wanaposimulia habari zake. Alikamatwa akiendesha gari hali hajiwezi, baada ya kugonga gari lililoegeshwa ambalo ndani yake alikuwamo askari aliyekuwa nje ya zamu. Akapelekwa kwenye matibabu ya uraibu. Septemba 1990 ikatoka Rust in Peace, ambayo wapenzi wa muziki huu huiweka kati ya albamu bora kabisa zilizowahi kurekodiwa. Sioni kuwa ni sadfa. Pesa ya studio safari hii ilifika studio, na mikono ilikuwa imetulia. Mwaka 1992 Countdown to Extinction ikaingia moja kwa moja nafasi ya pili kwenye chati ya Billboard ya albamu za Marekani na kuuza nakala zaidi ya milioni mbili nchini humo.

Nafasi ya pili. Bendi elfu moja zingechinja ng'ombe. Lakini mwaka mmoja kabla, Metallica walikuwa wametoa albamu yao nyeusi, ikashika nafasi ya kwanza na hatimaye kuuza zaidi ya nakala milioni 16 Marekani peke yake. Rula ile ya kwenye basi ilikuwa bado mkononi. Septemba 2001, akitimiza miaka 40, Mustaine aliketi na Lars Ulrich mjini San Francisco mbele ya kamera, mazungumzo yaliyokuja kuonekana kwenye filamu Some Kind of Monster ya mwaka 2004. Mtu mwenye albamu za platinamu, mwenye mashabiki kila bara, alizungumza akiwa karibu na machozi kuhusu kuwa namba mbili na kuhusu watu wanaomzomea barabarani kwa jina la bendi aliyoiacha miaka 18 nyuma. Akamwambia Ulrich kwamba alitamani asubuhi ile wangemwamsha wamwambie aende kwenye chama cha kuwasaidia walevi.

Sentensi hiyo moja ina uzito kuliko ushauri wote ninaoweza kuutoa. Wenye bendi, wenye vikundi vya taarabu, wenye kwaya, wenye studio ndogo za mtaani: ukiona mwenzako anaanguka, mtajie jina la kinachomwangusha kabla hujamtafutia mbadala. Mwambie akiwa hajalewa, mwambie mbele ya wenzake, mpe muda unaojulikana. Akikataa, aende, tena kwa heshima, na kazi zake ziandikwe kwa jina lake kama Metallica walivyofanya. Kwa hilo wanastahili sifa. Na wewe uliyetolewa, usikimbilie studio na hasira yako yote. Kaa kwanza upone. Pesa ya kurekodi iwe mkononi mwa mtu mmoja asiyekunywa, na sehemu ya kuchanganya sauti itengwe siku ya kwanza, kabla hata dramu hazijafungwa.

Suluhu ilikuja, kwa kuchelewa. Juni 2010 Metallica, Megadeth, Slayer na Anthrax walipiga jukwaa moja kwa mara ya kwanza, mjini Warsaw, na siku chache baadaye mjini Sofia wanamuziki wa bendi hizo walisimama pamoja kupiga wimbo wa Diamond Head. Desemba 2011, Metallica walipotimiza miaka 30, Mustaine alipanda jukwaani nao San Francisco akapiga nyimbo za siku zile. Agosti 2025 alitangaza kwamba albamu inayofuata ya Megadeth ndiyo ya mwisho, na humo akarekodi “Ride the Lightning”, wimbo wa Metallica wenye jina lake miongoni mwa watunzi.

Na ile albamu ya 1985 ililazimika kutengenezwa upya mara mbili. Mwaka 2002 ilichanganywa upya, ikapewa hatimaye jalada lililofuata mchoro wa Mustaine. Mwaka 2018 ikachanganywa tena na kutolewa kwa jina The Final Kill, na Mustaine akauimba upya wimbo wa Hazlewood kwa mashairi yake halisi. Kwenye matoleo haya mawili dramu zinasikika vizuri: matoazi mepesi, pigo linalochelewa kidogo, kila kitu ambacho pesa ya kwanza ilipaswa kukinunua. Anayetaka kuijua albamu hii aanzie hapo. Gar Samuelson hakusikia toleo lolote kati ya hayo. Alifariki 14 Julai 1999 kwa ini kushindwa kufanya kazi, akiwa na miaka 41.